Majivu Chini ya Figa

Haya nilisimuliwa na Mama Ufagio mwenyewe, Jumapili iliyopita, tumekaa barazani kwangu tunachambua maharage. Pale alipotaka kupita mbio kwa kuona haya, wifi yake, waliyekaa naye mkeka mmoja, alimrudisha: "Hapo usiruke, wifi. Hapo ndipo penyewe." Kwa hiyo nimeyapata yote.

Saa moja asubuhi. Jua halijapata makali. Kando ya barabara ya vumbi, mahali ambapo mtaro wa bomba la maji utapita, Mama Ufagio amepiga magoti juu ya gunia lililokunjwa. Mkono wa kulia ana brashi ya kupakia rangi, wa kushoto ana kizoleo kidogo cha bati. Anapangusa udongo taratibu, kama mtu anayemfuta mtoto vumbi usoni naye hataki aamke.

Nyuma yake wamesimama wanawake wawili walioanza kazi wiki hii. Mmoja kaja na ufagio wa nyumbani.

"Huo kauweke kule kwenye turubai," Mama Ufagio anamwambia bila kugeuka.

"Sasa tutafagilia nini, mama?"

"Hapa hatufagii."

"Na wewe si ndiye Mama Ufagio?"

Wifi yake, anayechekecha udongo hatua chache kutoka hapo, anacheka mpaka chekeche linamponyoka mkononi.

Kazi yao ni ya kutangulia. Bomba, barabara au jengo kubwa linapotaka kupita mahali ambapo watu wa kale waliishi, kundi hili hufika kwanza. Hufungua ardhi kwa mikono, huchora walichokiona, hupiga picha, huokota vigae vya vyungu, shanga na mifupa. Mashine ikishapita hakuna cha kuokota tena.

Kiongozi wao ni binti aliyesomea mambo ya kale, na wote humwita Mtaalamu. Yeye huwaita mama, wao humwita mwanangu, na kazi inakwenda.

Mama Ufagio hakuanzia hapo. Kwa miaka mingi alikuwa mfagizi wa zahanati. Alifagia zahanati ile mpaka wagonjwa wakawa wanaona haya kukohoa. Jina lake alilipata huko, na hata watoto wake wakiulizwa mama yao ni nani, hulitaja hilo kabla ya lile la kuzaliwa. Zahanati ilipochukua kampuni ya usafi, yeye na ufagio wake wakarudi nyumbani. Mumewe ni fundi baiskeli, na baiskeli siku hizi wenye nazo wanazitengeneza wenyewe.

Ndipo wifi yake akaleta habari kwamba kuna watu wanatafuta vibarua wa kuchimba polepole.

"Nilidhani ananitania," anasema Mama Ufagio. "Nilipwe kwa kuchezea udongo? Mama yangu alinichapa kwa hilo hilo."

Ujira ni wa kutwa. Si mkubwa, ila hauchelewi, na mwaka huu watoto wamevaa sare mpya za shule badala ya kurithishana. Mwenyewe anasema mgongo unauma lakini moyo umenyooka.

Shida ilikuwa maji. Mtaa mzima ulikuwa ukiyafuata bondeni, ndoo kichwani, na bomba hilo lilisubiriwa kama mgeni aliyeahidi kuja tangu zamani. Kila siku ambayo kundi lilikaa shimoni, watu waliona bomba linacheleweshwa. Waliopita walitupa maneno. "Sisi tuna kiu, nyinyi mnaokota vigae." Mwingine alisema, "Wazima hawajapata maji, mnawatafutia marehemu vyungu vyao?"

Wifi mtu naye hakuwa nyuma. Alichekecha udongo asubuhi hadi jioni, huku mdomo ukifanya kazi yake.

"Wifi, hivi chungu kilichovunjika kwako unakitupa wapi?"

"Jalalani."

"Basi tunachimba jalala la watu. Nilitaka tu kujua kazi yangu."

Jioni moja ya Alhamisi, maneno yakakatika. Brashi ya Mama Ufagio iligonga jiwe. Akapangusa pembeni, likatokea la pili, kisha la tatu. Yalikuwa yameinamiana, yote yamekula moshi upande wa ndani. Katikati palikuwa na majivu, mengine yamemwagika nje, na kando kidogo kigae kikubwa cha chungu kimelala kifudifudi.

Hakuhitaji kuambiwa. Jiko ni jiko. Hata wifi aliacha chekeche akaja akachuchumaa.

"Kumbe walikuwa wanapika kama sisi," alisema polepole.

"Ulidhani wanapikaje?"

"Sijui. Sikuwahi kuwafikiria wakipika."

Mtaalamu alifurahi sana, kisha akahesabu muda uliobaki. Mkandarasi alikwisha sema: Jumamosi asubuhi mashine inaingia mtaroni, na zamu hii hasubiri. Jiko lilikuwa katikati ya njia ya bomba. Njia iliyobaki ni moja, kulikata na udongo wake kama kipande cha keki, kulifunga plasta, kulinyanyua lote na kulipeleka makumbusho. Lakini gari ni la makumbusho, na wakubwa wa makumbusho wangekuja Ijumaa saa tano kutazama ndipo wakubali au wakatae.

"Watakubali," mmoja alisema.

"Watauliza ni la lini," Mtaalamu alijibu. "Mkaa ulio kwenye majivu haya ndio utakaotuambia. Bila mkaa, haya ni mawe matatu tu, na mawe wanayo mengi."

Mama Ufagio hayo hakuyasikia. Alikuwa anakung'uta magunia upande wa pili. Alichokisikia yeye ni kimoja: kesho saa tano kuna wageni.

Ijumaa akafika kabla ya wote, kama kawaida yake. Akafunua turubai. Jiko lilikuwa pale, majivu yametapakaa. Akayatazama, akazunguka upande huu, akazunguka upande ule.

"Nilimfikiria yule mwanamke mwenye jiko," aliniambia, macho kwenye maharage. "Wageni wanakuja, yeye mwenyewe hayupo, jikoni kwake majivu mpaka mlangoni. Watasemaje? Nikasema, acha nimsitiri mwenzangu."

Akachukua ufagio wake aliotoka nao nyumbani, akafagia. Alifagia kama anavyojua kufagia yeye, pembe kwa pembe, mpaka katikati ya mafiga pakang'aa. Na kwa kuwa majivu mazuri hayatupwi, ni ya kusugulia masufuria, aliyakusanya yote kwenye kopo la maziwa akalifunika. Akaketi akisubiri kusifiwa.

Mtaalamu alifika, akachungulia shimoni, akabaki ameinama.

"Mama, majivu yako wapi?"

"Nimefagia, mwanangu. Wageni wanakuja."

"Umefagia."

"Yapo. Haijapotea hata chembe." Akamwinulia kopo.

Mtaalamu alilifungua. Akachukua kijiti akachokoachokoa ndani. Majivu yalikuwemo, kweli, lakini yalikuwemo pamoja na mchanga wa viatu vyao vyote, majani makavu ya juzi, na kipisi cha sigara cha dereva wa mashine, ambaye jioni ile alikuja kushangaa shimo na kuvuta. Dereva huyo huitwa Kijiko, kwa sababu ya mashine yake ya kuchimbia.

"Mama, nikipeleka hiki wakakipima, wataniambia watu wa kale walikuwa wanavuta sigara ya Kijiko."

Wengine wakacheka. Yeye hakucheka. Alikaa ukingoni mwa shimo, kopo mapajani, akatazama njia ambayo wageni wangetokea. Hakumgombeza. Mama Ufagio anasema afadhali angegombezwa. Alisimama na ufagio wake mkononi, mkongwe wa usafi, akauona kwa mara ya kwanza kama fimbo iliyompiga mtu asiye na kosa.

"Nilitaka ardhi ipasuke," alisema. Wifi akamwambia, "Ilikuwa imeshapasuka, wifi. Tulikuwa tumesimama ndani."

 Kisha Mtaalamu akainua kichwa.

"Mama, nikuulize. Kwako ukifagia jikoni, chini ya mafiga unafagia?"

Wifi akaweka chekeche chini ili asikie vizuri. Hapa ndipo Mama Ufagio alipotaka kuruka siku ile ya maharage. Mjue kwamba mama huyu alijenga jina kwa kusema nyumbani kwake hakuna mahali ufagio haujafika. Aliwasema majirani kwa hilo. Alimsema wifi yake kwa hilo, mbele ya kaka yake wifi, ambaye ni mumewe.

"Mama?"

"Ninafagia jiko lote," alisema.

"Na chini ya mafiga?"

Akatazama chini, akatazama juu.

"Nani anafagia chini ya figa, mwanangu? Uliinue kila siku, sufuria litakaa lini? Unapitisha ufagio pembeni, basi. Anayekuambia anafagia chini ya figa ni mwongo."

"Haya," wifi alisema. "Nimeishi kuiona siku hii."

Lakini Mtaalamu alikuwa ameshashuka. Alilichora figa la kwanza, akalipiga picha kutoka kila upande. Kisha yeye na Mama Ufagio wakalishika huku na huku, wakaliinamisha taratibu, kama unavyomgeuza mgonjwa kitandani.

Chini yake yalikuwako majivu meusi yaliyoshikamana, mazito, yaliyokandamizwa na jiwe lile tangu jiko lilipokuwa la moto. Na ndani ya majivu, vipande vya mkaa vyenye pembe kali, kana kwamba jana tu mtu alivunja kuni.

"Hakufagia," Mtaalamu alisema. "Mama, hata yeye hakufagia."

"Si nimekuambia?" Mama Ufagio alijibu, na machozi yakamtoka palepale akicheka. "Mwanamke mwenzangu kabisa huyu."

Mkaa ulitolewa kwa koleo ndogo, ukafungwa, usiguswe na mkono wa mtu. Majivu mengine yaliachwa yalipo na figa likarudishwa juu yake. Mtaalamu akaniambia baadaye, nilipomuuliza, kwamba yale ya chini yalikuwa mazuri kuliko ya juu, maana hayakuwa yameguswa na mvua wala na mtu yeyote. Lakini aliongeza kwa haraka kwamba hilo nisimwambie Mama Ufagio, asije akapata sababu ya kufagia tena.

Wageni walifika saa tano na ushei. Mkubwa wao, mzee mwenye kofia, aliingia shimoni akaliangalia jiko kwa muda mrefu. Akasema maneno mawili ya kwanza, "Pasafi sana," na wifi akalazimika kwenda kusimama nyuma ya turubai. Akaonyeshwa mkaa. Akaonyeshwa figa. Gari likakubaliwa.

Mchana wote ulikuwa wa plasta na vitambaa. Walipomaliza, jiko lilikuwa limefungwa kama mguu uliovunjika, mbao zimepitishwa chini, na uzito wake haukunyanyulika kwa mikono. Ikabidi aitwe Kijiko na mashine yake, ile ile iliyokuwa ije kulisaga kesho.

"Niende nalo vipi?" aliuliza.

"Kama mtoto aliyelala," Mama Ufagio alimwambia.

Kijiko akazima sigara. Akaunyanyua mkono wa mashine polepole kiasi kwamba ndege aliyekuwa ametua juu yake hakuruka. Mtaa ulikuwa umejaa kando ya barabara, wale wale wa kutupa maneno, na hakuna aliyetupa neno. Jiko lilipokaa garini, mwanamke mmoja mwenye ndoo kichwani aliuliza, "Jiko la nani hilo?" Wifi akajibu kabla ya wote, "La jirani."

Jumamosi asubuhi mashine iliingia mtaroni kama ilivyopangwa. Bomba lilipita. Leo mwisho wa mtaa kuna bomba lenye koki, maji hutoka asubuhi, na foleni yake ina umbea kuliko ile ya bondeni, maana watu hawapotezi tena pumzi kwenye mlima. Jibu la mkaa bado halijarudi. Mtaalamu anasema litachukua muda, na Mama Ufagio anasema yeye hana haraka, mwenye jiko alisubiri zaidi.

Kundi sasa limesogea mbele, bomba linaendelea kwenda mitaa mingine. Mama Ufagio amekabidhiwa vibarua wapya. Anawafundisha kushika brashi, na somo la kwanza ni kunyang'anywa ufagio.

Anatumaini nini? Anataka jiko likishatolewa plasta na kuwekwa mahali pa kuonwa na watu, aende yeye na wifi yake, wavae vizuri, waingie kwa mlango wa mbele.

"Nataka nione kama wanalitunza," anasema.

"Anataka aone kama wanalifagia," anasema wifi.

Waliondoka kwangu jua linazama, maharage yamekwisha. Kilichofuata kwake alinieleza wifi yake juzi, maana Jumapili ile alilala huko. Walikula, watoto wakalala. Mumewe akasinzia na redio kifuani mpaka ikazimwa. Wifi akajifunika shuka, lakini jicho moja aliliacha mlangoni mwa jiko, kama ilivyo kawaida yake.

Mama Ufagio alifagia jiko, pembe kwa pembe. Alipofika kwenye mafiga, alisimama. Akachota majivu kiganjani, akainamisha figa moja kwa mkono wa pili, akayaweka chini yake vizuri, akalishusha.

"Wifi, unafanya nini huko?"

"Namwekea mtu."

"Nani?"

"Simjui. Hajazaliwa."

Akauegemeza ufagio ukutani, akapuliza taa, akalala.