Kivuli Kwenye Pia ya Thuku

Mwaka wa themanini na tatu studio za picha hazikuwa haba Malindi, na zote zilikuwa na mchezo mmoja. Picha za wateja zilibandikwa dirishani zikaachwa hapo mpaka jua lizile na bibi harusi awe rangi ya chai. Phineas Thuku, Mkikuyu aliyeteremka pwani na kamera moja na maneno mengi, hakutaka picha zilizolala. Alitengeneza sanduku la mbao lenye pande sita, akalisimamisha dirishani, akaliunga kwa mnyororo wa baiskeli na mota ya feni mbovu. Likazunguka polepole, kila upande na picha zake. Watu wa mtaa wakalipa jina la pia, kama ile ya kuzungusha watoto. Waliotoka kununua samaki walisimama kungoja sura zao zirudi, na samaki wakaharibika mikononi.

Mkewe Jedida alikaa ndani na mkasi. Thuku alipenda kupiga picha ufukweni alasiri, jua likiwa mgongoni mwake, na kwa hivyo kivuli chake kiliingia karibu kila picha. Kililala mchangani mpaka miguuni mwa wateja, kofia na viwiko vyake vyote. Na nani atoe pesa yake apigwe picha na kivuli cha mtu? "Kata hapo," Thuku alikuwa akisema bila hata kuangalia, na Jedida akakata. Vipande alivitia kwenye debe, na asubuhi akawashia jiko.

Kisha Thuku akafa. Homa ilimshika wakati wa masika, haikumpa nafasi, akazikwa kwao Murang'a. Mchungaji aliomba picha ya kuweka juu ya jeneza, na hapo ndipo ilipojulikana kwamba mtu aliyepiga picha nusu ya Malindi hakuwa na hata moja yake mwenyewe. Kwenye picha za harusi yao yumo Jedida peke yake, maana bwana harusi ndiye aliyeshika kamera. Kitambulisho chake, chenye picha pekee ya uso wake, kilikuwa kimebaki ofisini walipoandika cheti cha kifo. Juu ya jeneza wakaweka kofia.

Jedida alirudi akafungua studio. Asubuhi moja, akichemsha chai, alijaribu kumwona mumewe moyoni akaona kofia tu. Chini ya kofia hapakuwa na kitu. Sauti aliikumbuka, na harufu ya dawa za picha mikononi mwake pia, lakini uso haukuja. Aliacha chai ikafurika. Kumzika alikuwa amekuweza. Kumsahau sura hakukuweza.

Siku hiyohiyo ile pia ya dirishani ilimletea picha ambayo mkasi haukuigusa, ya wajukuu wawili wa jirani yao Bi Mwanatumu wakiwa na kanzu za Idi ufukweni. Miguuni mwao alilala Thuku. Jedida alisimama mpaka ikazunguka ikarudi, ikarudi tena. Kisha akajifungia kwenye chumba cha giza na filamu za zamani, akasafisha picha upya bila kukata chochote, akazipanga zote kwenye pia. Akaiongeza mwendo. Kivuli kikarefuka, kikafupika, kikavuka kutoka kwa maharusi kwenda kwa mabaharia, na ukitazama sana utaapa kinatembea.

Mtaa ukaona. Mtu anajitafuta dirishani, anakuta marehemu amemnyooshea kichwa miguuni. Wateja wakaanza kuvuka barabara wakifika hapo, na wengine wakasema mjane amemfunga mumewe asiende. Jedida alisikia yote. Wala hakujali, kwa sababu kila siku alikitazama kivuli kile akitafuta pua, kidevu, chochote, na kila siku alipata viwiko vilivyoinuliwa. Hata kivulini Thuku alikuwa ameficha uso nyuma ya kamera.

Bi Mwanatumu alikuja na buibui lake, mwanamke mzito wa heshima, asiyecheka na watu ovyo. Jedida alimwamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba. Mgeni alikaa, akaulizia afya, akasema kwamba kwao mjane angali edani wakati kama huu, amekaa ndani hafungui duka, lakini kila watu na ada zao. Halafu akasema lililomleta. Mjukuu wake mdogo, Jaha, alikuwa na homa siku ya tatu, na kivuli cha maiti kilikuwa kimemlalia miguuni mchana kutwa.

"Sikuja kwa ugomvi, mwanangu," alisema. "Nakuomba unikatie picha ile."

"Nikikata, Bi, nitabaki na nini?" Jedida alisema. "Uso wake umenitoka. Siuoni tena."

Bi Mwanatumu alishangaa. "Ule uso wa chewa?"

Jedida hakuelewa. Ikabidi aelezwe. Kila mara kabla ya kubonyeza, Thuku aliiteremsha kamera, akafura mashavu kama samaki chewa, akafumba jicho moja, na hapo ndipo watu walipocheka, naye akaiinua upesi ikalia. Ndiyo sababu picha zake zote zilikuwa na meno. Mji mzima uliujua uso huo. Jedida alikuwa ndani na mkasi.

Bi Mwanatumu aligeuka akatazama mlangoni kuona kama kuna apitaye. Akavuta pumzi, mwanamke yule mzito, akafura mashavu, akafumba jicho la kushoto.

Na machoni pa Jedida Thuku alikuwepo. Pua ilikunjamana alivyoikunja yeye, kovu la nyusi likainuka, kidevu kikarudi mahali pake, vyote chini ya kofia. Kisha Bi Mwanatumu akapumua, na pale kitini akabaki yeye mwenyewe, akijifunika uso kwa haya.

Jedida alisimamisha pia. Alibandua picha ya watoto, akachukua mkasi akakata pale alipokuwa akiambiwa akate, na kipande hakukitia kwenye debe. Picha akampa mwenyewe. Halafu akamshika mkono kabla hajainuka, akamwomba amfanyie uso ule tena.