Wamama Watangulie

Kumbe wanaume wa Isiolo wanatuheshimu siku moja tu: siku ya sindano.

Leo nilikuwa kwenye foleni ya chanjo ya homa. Mzee aliyekuwa mbele yangu akageuka, mpole kama nini. "Mama, pita wewe kwanza."

Nikashindwa kujizuia, nikacheka. Haya maneno nayajua.

Miaka ya themanini, hapa hapa Isiolo, mtaa wa Kiwanjani, nikiwa msichana. Kipindupindu kilikuwa kimeingia, na Landrova ya afya ikaja kutuchanja. Kwetu mwanamume ndiye huanza kila kitu: nyama, chai, hata kivuli cha kukalia. Lakini dokta alipotoa ile sindano nene kwenye sufuria ya maji ya moto, Mzee Guyo, msemaji wa mtaa, akasimama.

"Wamama watangulie! Ni heshima."

Heshima! Tangu lini?

Tukatangulia. Mkono wangu ukavimba kama andazi. Wanaume huko nyuma wanapishana tu: "Pita wewe." "Hapana, ndugu, pita wewe." Mpaka dokta akafunga sanduku. Dawa imekwisha.

Hapo ndipo wakapata sauti. "Wanawake wametumalizia dawa!"

Eti tumewamalizia. Niambieni kama wa kwenu ni tofauti.

Basi leo nikamuuliza yule mzee, "Na kwenye nyama, utanipisha?"

Akarudi nyuma hatua moja.

"Basi hapa tangulia wewe, baba."

Nesi alikuwa amesikia yote. Akamvutia mzee kiti.