Siku Mama Alipotoka Kichwakichwa

Harufu ya vitenge vipya, vinapotoka kwenye robota na wanga wake, mpaka leo hunirudisha kwenye Desemba moja ya utotoni. Desemba ile shule zilikuwa zimefungwa nami nilishinda dukani kwetu Kariakoo nikimsaidia mama, huku nikimtupia jicho mdogo wangu Eli, mtoto wa miaka minne mwenye miguu isiyotulia. Akisikia kengele ya muuza aiskrimu ametoka, mikokoteni ipite isipite. Mama alikuwa na neno lake: “Eli, usitoke kichwakichwa!” Mwalimu wetu wa Kiingereza alikuwa ametufundisha ndugu wa neno hilo, headlong. Alisema hata Waingereza walilitoa kwenye kichwa: kichwa kinatangulia, mwili unafuata, akili inabaki nyuma ikitafuta viatu. Na halisemwi kwa mtu mwenye haraka tu, bali kwa yule ambaye hakutazama kwanza. Darasa zima lilicheka. Mimi akilini nilimwona Eli chini ya mkokoteni, na picha hiyo haikuniondoka likizo nzima.

Siku chache kabla hatujasafiri kwenda Moshi kwa Krismasi, mchana wa jua kali, kengele ililia mtaani. Mama aligeuka, Eli hayupo. “Mungu wangu, mwanangu!” Alimsukuma mteja nje, akanivuta mkono, akateremsha mlango wa chuma na kupiga kufuli, maana Kariakoo ya Desemba huachi duka wazi hata kama umechanganyikiwa. Tukakimbia. Alimshika kila mtoto mwenye fulana nyekundu, akachungulia chini ya kila mkokoteni, kanga ikimdondoka bila mwenyewe kuwa na habari. Tulikaribia Mnazi Mmoja nikiogopa kutazama penye watu waliokusanyika.

Ndipo spika za maduka, zilizokuwa zikinadi viatu na mashuka, zikaanza kubadilisha maneno, moja ikipokea kwa nyingine. “Mama Upendo wa vitenge! Mama Upendo, rudi dukani na ufunguo! Mtoto kafungiwa ndani!” Mama alisimama kama aliyepigwa kofi. Upendo ni mimi.

Aliyetuma ujumbe ni jirani yetu Mama Jignesh, Mhindi muuza sufuria, aliyesikia mlango wetu ukigongwa kutoka ndani. Tulimkuta amepiga magoti, mdomo kwenye chuma cha moto. “Alikuwa analia,” alisema. “Sasa halii.” Mama alichomeka ufunguo kombo, ukagoma kuingia, Mama Jignesh akamnyang’anya, akafungua. Eli alikuwa amejikunja sakafuni nyuma ya mlango, amelowa jasho, shavuni ana alama za robota alilokuwa amelalia wakati tukidhani ametoka. Alifumbua macho. “Mama, mlienda wapi?” Mama alikaa chini palepale mlangoni akalia kwa sauti, wateja wakimruka.

Siku hizi maghorofa yametuzunguka, spika zimeongezeka hadi huwezi kusikia mtu akigonga chochote. Mama Jignesh amehamia kwa wanawe. Eli ana ndevu na ndiye anayebeba mkoba wa mama jioni tunapofunga. Lakini kabla ya kupiga kufuli, mama huingiza kichwa gizani na kuita, “Eli?” Wafanyakazi wapya hucheka. Eli mwenyewe, akiwa amesimama nyuma yake kabisa, hajawahi kucheka.

“Nipo, mama,” hujibu. Hapo ndipo mama hufunga.