Chumvi ya Mezani Iliyowaka Kijani

Moto wa jiko la gesi mnaujua, ni wa bluu. Ukiunyunyizia chumvi, unageuka njano.

Chumvi ya kwetu iliwaka kijani, na nusura inivunjie ndoa.

Baba mkwe alikuwa amelazwa. Anatapika, tumbo linamkata. Daktari akatuambia, "Kuna kitu mzee anakula huko nyumbani. Kitafuteni haraka."

Mpishi wa nyumbani ni mimi.

Tulipofika nyumbani, wifi yangu hakumung'unya maneno. "Kaka, mkeo anatumalizia baba. Arudi kwao leo leo, na polisi watamfuata hukohuko."

Mume wangu kasimama mlangoni, ufunguo wa gari mkononi. Hakukubali, hakukataa. Jamani, kile kimya kiliniuma kuliko maneno ya dada yake.

Mama mkwe alikuwa kwenye kiti chake karibu na jiko, anafuta miwani. Jiko ni lake tangu zamani, na sahani ya mzee huitenga yeye, ingawa siku hizi napika mimi.

Ndipo nikakumbuka. Mzee peke yake ndiye huongeza chumvi mezani. Mama ana presha, sisi wengine tunaridhika na ya kwenye chungu. Na wiki ile mzee alikuwa analalamika, "Chumvi gani hii haikolei?" Kisha anaongeza tena.

Nikachukua kikopo cha mezani, nikawasha jiko, nikanyunyiza.

Kijani!

"Uchawi!" Wifi aliruka hadi kwenye friji.

"Hakuna uchawi hapa, wifi."

Mimi ni mwalimu wa fizikia. Somo hili nimelifundisha mpaka nimelichoka.

"Elektroni za kila kitu zina ngazi zake. Moto ukizipa nguvu, zinapanda. Zikishuka, ile nguvu inatoka kama mwanga. Ngazi za kitu hiki si sawa na za kile, kwa hiyo na rangi haifanani. Chumvi ni njano, basi. Haiwezi kubadili mawazo."

Darasani huwa tunaumulika mwanga huo kwenye CD kuukuu, unajigawa mistari, na wanafunzi wanakitambua kitu kwa mistari yake. Hapa sikuhitaji CD.

Nikafungua kopo la dawa ya mende chini ya sinki, maana asidi ya boriki iliyomo huwaka kijani. Poda nyeupe, laini. Nikanyunyiza kidogo. Kijani kilekile.

"Mzee amekuwa akila hii," nikasema.

Nilidhani nimejiokoa. Kumbe nimejichimbia kaburi!

"Umesikia, kaka? Sumu anaijua mpaka rangi yake!"

Mume wangu akaniangalia kama mtu aliyemkuta barabarani. "Nani anajaza hiki kikopo?"

"Sio mimi."

"Nani, basi?"

Nikakigeuza kikopo mkononi, jiko bado linawaka.

Mama mkwe akanyoosha kiganja taratibu kuelekea kwenye jiko, kama mtu anayetafuta joto.

"Bado mmewasha?" akauliza.

Moto ulikuwa mbele yake kabisa. Nikanyunyiza tena, ukaruka kijani.

"Mama, huu moto una rangi gani?"

"Rangi ya moto, mwanangu."

"Ipi, Mama?"

Miwani ikamponyoka.

"Sioni," akasema. "Kitambo sasa. Kikopo nakijaza mimi. Makopo huwa nayapapasa tu, nikadhani lile la chini ya sinki ni la chumvi. Nilinyamaza kwa sababu mngeninyang'anya jiko, kisha mnihamishe nyumba hadi nyumba kama mzigo."

Akalia. Wifi naye akakaa chini sakafuni. Mume wangu alikuwa tayari anampigia daktari, anamtajia jina la ile dawa.

Mzee alipona. Tulipomweleza pale kitandani, akageuza uso ukutani.

"Nilijua haoni," akasema. "Aliniomba nisiseme. Ndiyo maana kila alichonitengea nilikula."

Mama sasa anasubiri kufanyiwa upasuaji wa macho. Jiko bado ni lake, ila makopo tumeyafunga kamba za unene tofauti, na dawa ya mende imehamia stoo. Wifi ameniomba msamaha. Mume wangu pia, ingawa ule ufunguo mkononi mwake sijausahau.

Kwa hiyo wewe unayesoma hapa, kabla hujamfukuza mtu nyumbani kwako, kaa na wazazi wako uwaulize wanaogopa nini. Kujua kilichomo kwenye kikopo kulinichukua dakika moja. Mama alikaa nasi mezani kila siku, na hakuna aliyemuuliza.