Treni Iliyongoja Cherehani

Mwezi huu tumemzika mzee wa mtaa wetu hapa Kamina, mstaafu wa reli. Kazi yake kituoni ilikuwa kumkabidhi dereva kijiti cha njia. Reli ni moja, treni zinakwenda na kurudi. Dereva asiye na kijiti hicho mkononi haondoki, hata kama amebeba mawaziri. Sikuwahi kumsikia mzee akijisifu. Kujisifu nakujua mimi. Wasomaji wangu mnajua kwamba nilirudi kutoka Afrika Kusini na diploma ya uchoraji wa majengo, niliyoipata huku nikibeba saruji mchana, na kwamba nyumba yangu ya matofali ya kuchoma niliichora na kuijenga bila msaada wa mjomba yeyote.

Ndiyo maana mzee alinijia. Alikuwa ametengeneza treni ndogo ya makopo ya samaki, yenye mota ya redio ya kaseti, akataka kulaza reli sebuleni kwake, yenye vituo kama vya njia yetu: Kamina, Luena mpaka Bukama. Macho yake yalikuwa yakififia, na alitaka kuiona ikifika Bukama kabla hayajazimika. Nilipima chumba, nikachora reli inayozunguka kuta zote nne bila treni kusimama popote. Ulikuwa mchoro safi, na nausimamia hadi leo. Mzee aliufuata kwa kidole mzunguko mzima.

"Enjenyere, treni yenye haisimame, bantu batapanda wapi?"

Mkewe ndiye aliyeuangusha mchoro huo. Reli ilipita chini ya dirisha pekee la chumba, mahali pa cherehani yake, na cherehani hiyo ndiyo iliyolisha nyumba.

"Shefu," akamwambia mumewe, "weye pitisha treni yako kwa paa. Minyi hapa kwa mwangaza siondoke."

Nilichora tena, na tena. Reli ilipoepuka dirisha, Bukama ilikosa nafasi. Ilipopita dirishani, yule mama alikosa pa kushonea. Nikamwambia mzee achague moja. Akacheka.

"Enjenyere, inaonekana weye ulisoma kwanza, mbele ya kuoa."

Akakunja michoro yangu na kuifanya kazi mwenyewe. Alilaza reli kando ya ukuta, kwa kimo cha meza, hadi ukingo wa meza ya cherehani. Hapo pakawa Luena. Upande wa pili wa meza, Bukama. Katikati aliweka ubao wenye reli wa kuvuka meza, wa kutoa na kurudisha. Mama akishona, ubao unakaa sakafuni na treni inangoja Luena. Akimaliza, anampa mzee bobini tupu ya uzi, na bila bobini hiyo treni haiendi. Mtu aliyetoa ruhusa maisha yake yote kazini alikuwa akiiomba kwa mkewe kila jioni, na akaiona treni yake ikifika Bukama mara nyingi kabla macho hayajamwacha.

Siku hizi mteja akitaka nimchoree nyumba, kabla ya kushika rula nauliza nani atafanya kazi gani, na karibu na dirisha lipi. Chuoni hawakunifundisha hilo. Baada ya matanga nilikwenda kumsalimia mama mjane. Alikuwa akishona, treni iko Luena. Nilimwomba bobini, niipeleke Bukama mara moja tu kwa heshima ya mzee.

"Ngoja nimalize mukono ya hii kanzu," akasema bila kuinua kichwa.

Nikaketi kwenye kiti cha mzee. Mkono ulipokwisha, akaanza wa pili. Nikangoja.