Watu Wawili Wasiolalamika

Josphat Kitheka hakuwa mtu wa kukumbuka sura. Nililala kitanda cha juu yake miaka miwili katika chumba chetu cha Al-Baghdadiyah, Jeddah, na bado tukikutana sokoni alinipita kama nguzo ya stima mpaka nimwite. Lakini ukimshikia sahani akupakulie mara moja tu, hakukusahau tena. Alijua nani hukwepa vitunguu, nani hujaza wali kisha akauacha, na nani hutia chumvi kabla hajaonja. Huyo wa mwisho hakusalimiwa wiki nzima.

Tabia hiyo aliipata Mutomo, kwao Kitui, alikokuwa mpishi wa shule ya upili ya wasichana kwa miaka kumi na minane. Wasichana mia sita, sare moja, na kila siku ya wali walikuwepo waliopanga foleni mara mbili baada ya kubadilishana sweta. Josphat alizoea kutazama mikono. Aliacha kazi siku mwalimu mkuu mpya alipopunguza mafuta ya kupikia. Mkewe, Priscah, alidhani ni hasira ya siku mbili, lakini miezi mitatu baadaye, mwaka 2014, alikuwa akimsindikiza uwanja wa ndege.

Wakala wa Nairobi alikuwa amemwahidi hoteli ya ghorofa ishirini kando ya bahari. Alichokuta ni jiko la kampuni inayopeleka chakula kwa wajenzi, chini kabisa ya jengo, bila dirisha. Bahari ilikuwepo, ni kweli, ukitembea dakika ishirini. Josphat alinuna mwezi mzima. Kisha siku moja akaonja mchuzi waliokuwa wakipewa wale wajenzi, akauweka upawa chini, akawaomba wapishi wenzake wampishe. Tangu hapo jiko likawa lake. Mwishoni mwa 2016 kafili, yaani mdhamini wetu wa kazi, mzee tuliyemwita Abu Turki, akamhamishia tawi la Riyadh, karibu na Manfuha, ambako wateja walikuwa wengi zaidi na malalamiko pia.

Hajamaliza miezi miwili huko, kampuni ikapata kazi ya kulisha polisi kaskazini. Watu wawili walikuwa wamemuua mfanyabiashara wa kondoo barabarani, upande wa Hail, wakachukua lori lake. Walipoona wanakaribiwa walilitelekeza, wakakimbilia katika jangwa la Nafudi kwa pikapu waliyoiba. Polisi walipiga kambi ukingoni mwa mchanga na kuanza kuwasaka. Meneja alipouliza nani ataenda kupika, mmoja akashika mgongo, mwingine akashika shavu kwa sababu ya jino, na wa tatu akakumbuka kwamba ikama yake, kibali cha kuishi nchini, imeisha muda. Josphat alikuwa ameinamia sufuria na hakusikia vizuri. Alipoinua kichwa wote walikuwa wanamtazama kwa upendo. Aliambiwa ni kazi ya siku tatu.

Siku ya tatu alikuwa bado hajamaliza kupanga majiko. Binamu yake, Damaris, aliyefanya kazi za ndani kwa familia moja ya Aziziya huku Jeddah, alikuwa akipokea sauti zake kwenye simu na kunisikilizisha kila Ijumaa akiwa na mapumziko. Nyingi zilihusu baridi. Josphat alikuwa ameamini kwamba Uarabuni kote ni joto, akaenda Januari na fulana nne. Sasa alikuwa amezivaa zote pamoja, na juu yake gunia la mchele alilolikata matundu ya mikono. Zilizobaki zilihusu helikopta, ambayo kila ikitua ilimwaga mchanga mwekundu katika wali wake.

Kambi ilikuwa na askari arobaini. Lakini kila asubuhi watu wa vijiji vya pembeni walifika kwa magari na ngamia kujitolea kusaidia, na saa sita mchana, msako ukipumzika, ungeweza kuhesabu vichwa mia mbili kwenye foleni ya chakula. Wote walijifunga vilemba mpaka puani kwa sababu ya upepo na kuvaa glavu. Watu wa kijiji hiki hawakuwajua wa kijiji kile. Kwenye mlingoti uliokuwa kando ya sufuria kubwa, Luteni Mishari, aliyeongoza kambi, alibandika karatasi yenye picha za watuhumiwa: wawili wenye ndevu nene, wamepigwa picha harusini, vikombe vya kahawa mkononi. Chini yake kulikuwa na maelezo marefu ya Kiarabu. Josphat hakujua kuyasoma, na sura, kama nilivyosema, hazikuwa kazi yake.

Kazi yake ilikuwa kusikia malalamiko. Luteni alisema wali umeshikana. Wafuatiliaji wa nyayo walitaka nyama yenye mafuta, na askari vijana wakaitaka isiyo na mafuta. Mzee mmoja wa kijijini, ambaye ngamia wake alikuwa mgonjwa, alisema hata ngamia ameukataa mkate huo. Josphat aliyasikia yote akiwa ameshika upawa kama bunduki.

Watu wawili tu hawakulalamika. Walifika kila siku katikati ya foleni, mmoja mnene na mmoja mwembamba, wakamwombea afya, wakala mpaka punje ya mwisho, wakarudi kuongezewa, kisha wakasuuza sahani zao wenyewe kwa mchanga na maji kidogo. Katika miaka yote ya kupika, Josphat alisema, hakuwahi kuoshewa sahani na mteja. Aliwapenda mno. Akawa anawafichia vipande vya paja na kuwakwangulia ukoko wa chini, ambao yeye huutoa kama watu wengine wanavyotoa pete. Yule mwembamba akivua glavu ili ale, Josphat aliona kidole chake cha mwisho kimekatika nusu, na kwa hiyo akamkatia vipande vidogo visivyomsumbua. Waliomba mikate ya ziada, wakasema wanaenda kutafuta upande wa mbali. Aliwafungia kumi kila siku.

Aliwasifu sana kwa Damaris. Damaris alimjibu mbele yangu, akicheka: "Kaka, mtu anayekula chakula chako siku nane bila neno, huyo ana jambo anaficha." Josphat alikasirika, hakutuma sauti siku mbili.

Siku ya tisa Luteni Mishari alikuja kunywa chai jikoni, akiwa na imani mpya. Alimweleza Josphat, kwa Kiarabu cha polepole na mikono, kwamba pikapu ya wale watu imepatikana imezama mchangani, haina mafuta wala maji. Hawawezi kufika popote kwa miguu. Ndani ya siku mbili njaa itawatoa. Josphat aliitikia kwa kichwa na kumwongezea sukari. Baadaye alisema kuna kitu kilimgusa moyoni wakati ule, lakini alidhani ni baridi.

Siku ya kumi na moja upepo ulivuma tangu alfajiri. Msako ulisimamishwa, wanakijiji wakaambiwa wabaki makwao, na askari wakajifungia mahemani. Ni mtu mmoja tu wa kiraia aliyebaki kambini, Salim, mdogo wake yule mfanyabiashara aliyeuawa, ambaye alikuwa ametoka Riyadh na hakukubali kuondoka hata siku moja. Saa sita Josphat alikuwa peke yake jikoni, ndani ya hema lililofungwa kwa kamba, akikoroga sufuria ndogo. Mlango ukafunguka, wakaingia marafiki zake wawili. Hapakusikika gari wala ngamia. Walikuwa wametoka mchangani kwa miguu, midomo imepasuka, wakashika sahani.

Josphat alifurahi, hata akapakua paja la kwanza. Yule mwembamba akavua glavu. Karatasi ya mlingotini ilikuwa imeletwa ndani isipeperuke, ikawekwa juu ya gunia la vitunguu, na Josphat alipoinama kuchukua kitunguu macho yake yalianguka, kwa mazoea, si kwenye sura bali kwenye mkono ulioshika kikombe cha kahawa. Kidole cha mwisho kilikuwa nusu.

Alisema miguu yake ilitaka kwenda Mutomo. Lakini mikono iliendelea kukata kitunguu, na kinywa kikawaambia nyama nyingine bado, wasubiri kidogo, karibu na moto. Wakaketi. Yeye akatoka na upawa wake, akavuka upepo mpaka hema la Luteni.

Luteni alikuwa amejifunika blanketi, anakula biskuti. Alipomwona mpishi aliinua mkono na kusema leo hataki habari za mchele. Josphat, ambaye Kiarabu chake chote kilikuwa cha jikoni, akakusanya maneno aliyokuwa nayo, akasema watu wawili wako kule, wanataka nyama. Luteni akamwambia awape. Josphat akasema si watu wa kawaida, ni wale wa karatasi. Luteni akamjibu kwamba hata asiyeandikwa kwenye karatasi ya mgao apewe, leo chakula kipo cha kutosha, halas, basi. Ndipo Josphat akapiga magoti mbele yake, akakunja kidole chake cha mwisho nusu, akajishika ndevu asizokuwa nazo, na kujipitisha upawa shingoni.

Luteni alitoka na soksi tu miguuni.

Walipoingia na bastola, askari sita na Luteni, wale wawili hawakukimbia. Walikuwa wamejipakulia wenyewe. Yule mnene alilia. Mwembamba aliuliza kama wanaweza kumaliza kula, na Luteni, ambaye alishindwa kumnyang'anya mtu chakula kilichokwisha kufika mkononi, akasema wamalize. Basi askari saba walisimama na silaha wakitazama watu wakila. Salim naye alikuja akasimama mlangoni. Kwa siku tisa alikuwa ameketi duara moja na watu hawa, akipitisha mkate. Alitazama tu, na Josphat alimwona anatetemeka, akavua gunia lake la mchele na kumfunika nalo mabegani.

Walipofungwa pingu, yule mwembamba aligeuka.

"Mpishi," akasema, "Mungu akulipe. Ila chumvi imezidi tangu siku ya kwanza."

Riyadh, Josphat alihojiwa siku mbili kwa msaada wa mkalimani. Waliuliza kwa nini aliwalisha wahalifu na kuwafungia mikate. Alijibu kwamba yeye hupakulia kila anayeshika sahani, na kwamba wenye kazi ya kutambua sura walikuwa arobaini. Mkalimani alitafsiri nusu ya kwanza tu, akamwacha salama. Akapewa cheti cha shukrani chenye jina la Yusuf Kitaka. Alipomwomba Abu Turki amrudishe Jeddah, hakukataliwa.

Alirudi amekonda. Kwa wiki kadhaa hakupenda kusimuliwa wala kusimulia, maana mle ndani ya kichekesho chetu kulikuwa na mtu aliyeuawa barabarani akisafirisha kondoo wake, na Josphat alikumbuka kwamba mapaja bora ya kambi ile yalikwenda kwa waliomuua. Damaris alijaribu kumtania mara moja, akaona uso wake, akamtengenezea chai.

Mwezi wa saba, Ijumaa mchana, gari lilisimama mbele ya jengo letu. Salim alikuwa amekuja umra na mama yake na watoto wawili wa marehemu, na alikuwa ameuliza kampuni baada ya kampuni mpaka akampata mpishi. Akatuchukua sote watatu mpaka Corniche, kando ya bahari, akatandika zulia, akafungua samaki na wali aliopika mama yake. Josphat hakuruhusiwa hata kugusa kijiko. Mama alimpakulia kwa mkono wake, akamtazama anavyokula, kisha akamletea zawadi aliyoishona mwenyewe: koti la ngozi ya kondoo, zito, la manyoya ndani, lenye kufika miguuni. Alimvika hapo hapo na kumfunga vifungo.

Joto lilikuwa limepita nyuzi arobaini. Tulimwonyesha kwa macho alivue, akakataa. Alikaa nalo saa mbili nzima, jasho likimtiririka mpaka kwenye sahani, akimjibu yule mama kila alipouliza kama linamtosha kwamba linamtosha sana. Watoto walimlalia ubavuni, wakishika manyoya ya mikono. Gari lao lilipoondoka alisimama kuwapungia mpaka likapotea, ndipo akaketi chini kwenye nyasi, nami na Damaris tukaanza kumfungua vifungo.