Kitanda Nilichokitolea Halua

Mwanangu, siku ile naikumbuka kwa namna uso ulivyoniwaka. Tuko hapa Ibra, huku Arabuni, barazani kwangu, wanawake wanakunywa kahawa. Mjukuu wangu Thuraya anajifunza Kiholanzi, maana bila ya kufaulu mtihani wa lugha hapewi ruhusa ya kumfuata mumewe Uholanzi. Mumewe, Nasri, kila siku humtumia neno moja la kujisomea. Siku hiyo kamwandikia, hii ndiyo kazi niliyopata: *massagebed*.

Thuraya akalikata. Massa, umati. Gebed, swala. Akalisoma MASsa-gebed, sauti kaikaza mwanzo kabisa.

"Swala ya umati!" Nikapiga kigelegele. Nikawatangazia wenzangu, mkwe wetu anawasalisha Wazungu! Halua ikatoka. Nikampigia simu, sauti nimeifungua wote wasikie.

"Hongera, imamu wetu!"

"Imamu gani, Bibi? Mie naunda vitanda vya kukandia watu. Ma-SA-zhe, kukanda, halafu bed, kitanda. Kaza kwenye SA!"

Yarabi toba! Kahawa ikanipalia. Kitanda! Na mie nshakitolea halua!

Jirani yangu Bi Zuwena hakunipa hata nafasi ya kukohoa. "Basi Bi Shani, huyo imamu wenu anawasalisha watu wamelala kifudifudi?"

Wakacheka mpaka vikombe vikapinduka. Thuraya kafunga kitabu, machozi yanamtoka. "Bibi, mtihani siendi tena."

Hapo nikamkumbuka mwalimu wangu wa chuoni, tulikosomea Kurani kule Unguja, mie kitoto. Nilikata pumzi kabla ya kuiunga aya na inayofuata, maana yake ikageuka, ikawa kama nawaapiza wanaosali. Akaruka pale mkekani. "Unamlaani nani wewe? Rudi nyuma usome!" Hakunifukuza, mwanangu. Kanirudisha nyuma tu.

"Fungua kitabu," nikamwambia Thuraya. "Rudi nyuma." Kusoma Kizungu sijui, lakini masikio ninayo. Tukakatakata maneno mpaka magharibi, na kesho yake tena. Kafaulu. Yuko kwa mumewe, na vitanda vile ndivyo vinavyowalisha.

Basi nisikilize, wewe nawe unayeuendea mtihani huo huo. Neno refu la Kiholanzi ni maneno yaliyoshonwa pamoja. Utafute kwanza mshono, ndipo ukate vipande. Sauti uikaze ndani ya neno la mwanzo, pale pake, usiisukume karibu na mwisho kama tulivyozowea sisi. Ukikosea watakucheka. Waache wacheke, wewe rudi nyuma usome.

Mungu akufungue ulimi, akukutanishe na wako, na akupe jirani kama Bi Zuwena, ambaye mpaka leo akiniona huniuliza, swala ya kitandani saa ngapi.